Breki ya mkono iliyonitoa matopeni

Tairi la kushoto lilikuwa likizunguka kama feni. La kulia lilikuwa limetulia tuli juu ya changarawe ngumu, halisogei hata kidogo, kana kwamba halikufungwa kwenye gari lile.

Ilikuwa Kamulu, mashariki ya Nairobi, jioni moja ya Aprili, kwenye njia inayoachana na Kangundo Road kuelekea shambani kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilikuwa nimempisha bodaboda mwenye gunia la mkaa, nikasogea kushoto nusu mita tu, na ule udongo mweusi wa kule hausamehi nusu mita. Upande wa kushoto wa pikapu ukateremka mferejini. Nikakanyaga mafuta, matope yakaruka hadi juu ya paa, na gari halikwenda popote.

Mzee mmoja alitoka boma la jirani na gambuti zake. Hakuja kusukuma. Alisimama nyuma ya gari, akayatazama matairi yote mawili kwa zamu, kisha akaja dirishani.

"Kijana, vuta breki ya mkono."

"Mzee wangu, nataka kutoka, si kusimama."

"Vuta kidogo. Isikamate kabisa. Halafu mpe mafuta polepole."

Nilivuta. Tairi la kushoto likapunguza kasi, injini ikabadili sauti ikawa nzito, na kabla sijaamini, lile la kulia likajigeuza robo mzunguko, likauma changarawe, na pikapu ikapanda barabarani.

Nilimshukuru mzee, nikaenda zangu. Ila sikulala vizuri.

Breki ndiyo iliyonitoa.

Kila mtu ana jibu

Wiki tatu zilizofuata nililibeba swali hilo kila mahali. Kwenye foleni ya Jogoo Road, kwenye mstari wa benki, mezani kwa shemeji yangu ambaye amekuwa dereva wa matatu tangu nikiwa shule ya msingi.

"Difu hiyo," shemeji alisema, bila hata kuinua macho kwenye ugali. "Nguvu hukimbilia kulaini. Ukibana kule kulaini, inarudi kugumu." Difu ni lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili.

Karibu kila dereva niliyemuuliza alinipa jibu lilo hilo, na maneno karibu yale yale. Nguvu ni kama maji, hutafuta mteremko. Ni picha nzuri, nami niliikubali siku mbili tatu. Kisha ikaanza kunisumbua. Kama nguvu yote ilikuwa imekimbilia kushoto, mbona injini ilikuwa ikizunguka kwa wepesi vile, kama gari lililo kwenye nyutro? Nguvu iliyokwenda mahali si hufanya kazi mahali hapo? Pale mferejini hakukuwa na kazi yoyote iliyokuwa ikifanyika. Matope tu yalikuwa yakirushwa.

Pikapu hii niliachiwa na baba. Kwake yeye gari la kweli lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na ushahidi wake ulikuwa Safari Rally. Katika miaka yote ya 1970 kila gari lililoshinda lilisukumwa nyuma: Datsun, Escort, Lancer ya Joginder Singh mwaka 1974 na 1976, Peugeot 504. Ushindi wa kwanza wa gari la magurudumu manne ya kusukuma, Audi, ulikuja 1987. Na mashindano yenyewe miaka hiyo yalikuwa ya Pasaka, msimu wa mvua ndefu. Nilikua nikiamini kwamba gari la namna hiyo halishindwi na tope. Kumbe magari ya mashindano mara nyingi huwekewa difu ya namna nyingine kabisa, na yetu ilikuwa ile ya kawaida.

Ile ya kawaida ndiyo niliyotaka kuielewa.

Mita 8.8

Kwanza nilijiuliza difu ipo kwa nini. Kwa nini usipitishe chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, mambo yakaisha?

Zunguka raundabauti ya Globe mara moja. Tairi la nje linapita njia ndefu kuliko la ndani. Nilikaa na kalamu nikahesabu: kama kati ya tairi na tairi pana mita 1.4, basi kwa mzunguko mmoja mzima tairi la nje linatembea karibu mita 8.8 zaidi. Kilichonishangaza ni kwamba ukubwa wa raundabauti hauna maana. Iwe Globe, iwe uwanja mzima wa Uhuru Park, iwe unageuza gari uani kwako, ni mita 8.8 zile zile. Tairi la pikapu yangu likizunguka mara moja linatembea kama mita 2. Kwa hiyo la nje lazima lizunguke zaidi ya mara nne kulipita la ndani.

Chuma kimoja hakiwezi kufanya hivyo. Ama tairi moja liburuzwe, ama chuma kikatike.

Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, alilitatua tatizo hili kwenye gari la mvuke miaka ya 1820, kabla ya motokaa yoyote ya petroli, na alichobuni ndicho kilicho chini ya pikapu nyingi zinazopita Mombasa Road leo.

Kirinyaga Road

Sikwenda kwa fundi kwa ajili ya swali. Nilikwenda kwa sababu ya mluzi.

Kwa muda mrefu gari lilikuwa likipiga mluzi kutoka nyuma likifika kilomita 60 kwa saa. Fundi wangu, karakana yake iko nyuma ya maduka ya spea ya Kirinyaga Road, alitaka kujua mambo matatu kabla hajashika spana. Ukiachia mafuta, mluzi unabadilika? Ukikata kona, unaongezeka? Ukitia gia, kuna kishindo? Nikamwambia unalia nikikanyaga, ukipungua nikiachia, kona haziugusi. Akatikisa kichwa. Sauti ya meno ya gia au beringi ya pinioni, alisema. Beringi za magurudumu zingelia kwenye kona, na kishindo kingekuwa cha jointi za propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma.

Alikuwa na kazi ya mteja mwingine mbele yangu. Juu ya meza palikuwa na difu nzee imebanwa kwenye jiliwa, imetolewa nje ya kasha lake.

Nikaomba kuitazama.

Propela huja kutoka mbele na kuzungusha pinioni, gia ndogo yenye meno 10. Pinioni husukuma kraunwili, sahani kubwa yenye meno 41. Kwa hiyo propela huzunguka mara 4.1 ndipo kraunwili izunguke mara moja. Kasi inapungua, nguvu ya kuzungusha inapanda. Nilimwuliza kwa nini isiwe 40 kwa 10, hesabu safi. Akanionyesha kwa kidole chenye grisi: kwa 41, jino moja la pinioni hukutana na kila jino la kraunwili, na huchukua mizunguko 41 ya pinioni kabla jozi ile ile ya meno haijakutana tena. Yote yanalika sawa. Ndiyo maana hizi gia mbili huuzwa pamoja, zimesagwa pamoja tangu kiwandani, na anayekuuzia pinioni peke yake kwa bei nafuu anakuuzia mluzi mpya.

Pinioni haikai katikati ya kraunwili. Inakaa chini kidogo. Packard waliuleta mpangilio huu kwenye magari mwaka 1926, na faida yake ni kwamba propela inashuka na sakafu ya gari inashuka nayo. Gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu, yanateleza moja juu ya lingine chini ya mzigo mkubwa, na oili ya kawaida ingesukumwa nje ikaacha chuma kwa chuma. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa dawa zenye salfa za kuyalinda meno, na hapo ndipo inapotoka ile harufu yake ya kiberiti. Wanaoinunua wanaijua, ikikupata kwenye shati, shati hilo limekuwa la kazi.

Lakini nilichotaka kuona kilikuwa ndani zaidi. Ubavuni mwa kraunwili kuna kikapu cha chuma, na ndani ya kikapu mna gia nne ndogo zinazotazamana. Mbili ni spaida, zimevaa pini moja inayopita katikati ya kikapu. Mbili ni za pembeni, na kila moja imeshika hafushafti inayokwenda kwenye tairi lake. Ukienda moja kwa moja, spaida hazizunguki. Zinabebwa tu na kikapu na kuzisukuma gia za pembeni pande zote mbili, kama mti wa mzega unavyolala begani kwa mchota maji. Ukikata kona, spaida zinajizungusha kwenye pini yao, na kadiri upande mmoja unavyopunguza ndivyo mwingine unavyoongeza.

Fundi alichomeka vipande viwili vya hafushafti vilivyokatwa, kimoja kila upande. "Shika kile kwa kitambaa," akasema. Nikashika cha kulia kisiende. Akazungusha pinioni. Cha kushoto kikazunguka mara mbili ya kraunwili. Moja imesimama, nyingine mara mbili; wastani ni ule ule wa kraunwili. Hesabu hiyo haivunjiki kamwe.

"Sasa shika vyote viwili, bosi. Shika kwa nguvu."

Nikashika vyote, kitambaa kila mkono. Akazungusha kwa spana. Nikasikia mvuto kwenye mikono yote miwili, sawa kwa sawa, hadi vidole vikaanza kuuma.

"Achia kushoto."

Nikaachia. Na hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho wiki tatu za maneno hazikunipa. Mkono wangu wa kulia ulikosa kazi. Sikuuachia, bado ulikuwa umekaza vile vile, lakini hapakuwa na cha kushindana nacho. Cha kushoto kilikuwa kikizunguka bure, na cha kulia hakikunivuta tena.

"Bana kushoto kidogo."

Nikabana kwa vidole viwili. Mvuto ukarudi kulia, kidogo, kiasi kile kile nilichobana kushoto.

Kumbe nguvu haikimbilii kulaini. Difu haipendelei upande wowote. Inagawa sawa kwa sawa daima, na kinachopatikana cha kugawa ni kile ambacho upande dhaifu umeweza kupinga, mara mbili. Kule Kamulu tairi la kulia halikuwa limenyang'anywa nguvu. Lilikuwa limepewa kiasi sawa na cha mwenzake aliyekuwa akielea kwenye uji.

Niliacha gari pale, nikapanda matatu nikiwa mwepesi wa moyo.

Hesabu inakataa

Usiku ule nilichukua kalamu nimwandikie shemeji maelezo. Mstari wa tatu ukanikwamisha.

Tuseme tope linaweza kulipinga tairi la kushoto kwa kiasi cha 100. Basi la kulia nalo linapata 100. Jumla 200, na gari linataka, tuseme, 300 kutoka mferejini. Halitoki. Sasa navuta breki ya mkono, na breki inashika kila tairi la nyuma kwa 150. Kushoto upinzani sasa ni 100 ya tope na 150 ya breki, yaani 250. Difu inapeleka 250 kulia pia.

Vizuri. Lakini breki ya mkono inashika matairi yote mawili. Katika zile 250 za kulia, 150 zinaliwa na breki ya kulia. Ardhini zinafika 100.

Kushoto 100, kulia 100. Jumla 200.

Nilirudia mara nne. Nilibadilisha namba. Kila nilichokiongeza kwa mkono mmoja nilikuwa nakila kwa mkono mwingine. Jibu la shemeji lilikuwa limenishinda tangu awali, na sasa jibu langu mwenyewe, lile nililolisikia vidoleni, lilisema nilipaswa kuwa bado Kamulu.

Lakini nilitoka. Nilikuwepo.

Kuna vitu vidogo vinavyosaidia, na siku iliyofuata nilivitafuta vyote. Tairi lililopunguziwa kasi halijichimbii shimo haraka. Na gia za difu zina msuguano wao. Mzigo ukipanda, msuguano unapanda, na upande uliosimama unaonja kidogo zaidi ya mwenzake. Kuna difu ambazo msuguano huo umekuzwa makusudi. Ya Vernon Gleasman, Mmarekani aliyepata hataza yake 1958, huupelekea upande unaoshika ardhi nguvu mara kadhaa ya ule unaoteleza, na kwenye difu kama hiyo breki ya pande zote mbili ina maana kabisa. Kwenye yetu ya kawaida ni chembe tu. Chembe haikuipandisha pikapu ile na magunia sita ya chakula cha kuku nyuma.

Shemeji, nilipomweleza, alitoa dawa moja: nichomelee zile spaida zisizunguke kamwe. Matairi yote mawili yatakwenda pamoja, tope halitanikamata tena. Nilimpenda kwa kunijali, lakini nilikataa. Ile mita 8.8 ya Globe haiondoki kwa kuchomelewa. Italipwa na tairi, au italipwa na hafushafti, na hafushafti ya pikapu kama yetu ndiyo inayobeba uzito wa gari na kulishikilia gurudumu. Ikikatika, gurudumu linaweza kutoka. Kwenye lori kubwa, lile ambalo katikati ya gurudumu lake la nyuma unaona sahani ya boliti, hafushafti inazungusha tu na haibebi. Unaweza kuichomoa gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Langu si lori.

Dramu ya kulia

Fundi alipiga simu mchana wa siku ya tatu. Njoo uone.

Ili aitoe difu ilibidi kwanza achomoe hafushafti, na ili achomoe hafushafti ilibidi atoe dramu za breki, yale mabakuli ya chuma yanayozunguka na magurudumu. Ya kushoto ilikuwa na vumbi la kawaida na tope la Kamulu lililokauka. Ya kulia ilikuwa inang'aa. Oili nyeusi ilikuwa imeenea ndani yake yote, breki shuu, vile vipande vinavyoibana dramu kwa ndani, zimelowa kama mkate kwenye chai, na ile harufu ya kiberiti ilinifikia kabla sijainama.

Akanipeleka juu ya ekseli, akafuta udongo kwa kidole gumba, akanionyesha kitufe kidogo nilichokuwa sijawahi kukiona. Ni pua ya difu. Oili ikipata moto, hewa ndani hupanuka na kutokea pale. Yetu ilikuwa imezibwa na udongo, labda kwa miaka. Hewa iliyokosa pua ilitafuta njia nyingine, ikaisukuma oili kupitia sili ya hafushafti ya kulia, ule mpira wa kuizuia isivuje, hadi ndani ya breki. Oili ilipopungua, beringi ya pinioni ikakauka ikaanza kulia. Mluzi wangu na breki yangu ulikuwa ugonjwa mmoja.

Niliuliza swali moja tu, ingawa nilikwisha kulijua jibu. Breki ya mkono, upande huu, ilikuwa ikishika?

"Hii? Haishiki kitu hii. Umekuwa ukifunga gari kwa tairi moja."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikafanya hesabu upya kichwani. Kushoto tope 100 na breki 150. Kulia 250, na hakuna breki ya kuzila. Ardhini 100 na 250, jumla 350, na gari lilikuwa likitaka 300.

Gari lingetoka.

Kanyagio mbili

Jumamosi nilikwenda Kamulu kwa matatu, kumtafuta mzee. Nilimkuta akirekebisha ua. Nilimsimulia yote, na oili, na pua, na hesabu, naye akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo mtu wa mjini hulikosa.

Kisha akaniambia kwamba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, miaka mingi. Trekta ina kanyagio mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto, moja ya kulia. Gurudumu moja likianza kuzunguka bure kwenye tope, unalikanyagia breki hilo peke yake, na mwenzake anaamka. Ndicho kinachofanywa leo na kompyuta za magari mapya, zinazolibana tairi linaloteleza peke yake. Yeye alikifanya kwa mguu wa kulia, kila siku ya mvua.

"Kwa hiyo ulijua breki yangu inashika upande mmoja?"

"Sikujua. Kwa gari najaribu tu. Mara nyingine linatoka, mara nyingine linakataa." Akaufunga waya, akaukata. "Sikuwahi kujua kwa nini mengine hukataa."

Tulisimama pale kidogo, sote wawili tukiutazama mfereji.

Nikamwambia fundi ameshabadilisha sili na breki shuu, amezibua pua, ameweka beringi mpya na oili mpya. Gari halilii tena. Nilikuwa naenda kulichukua Jumatatu, na breki ya mkono sasa itashika pande zote mbili, sawa kwa sawa.

Mzee alifikiri.

"Basi, mwanangu, beba mbao mbili na jembe."

Ziko nyuma ya kiti sasa. Mbao nilizikata mwenyewe, upana wa tairi.